Bawabu wa Utabibu

Mtu aliyetaka kuwa tabibu katika Marekani ya katikati ya karne ya kumi na tisa hakuulizwa alama zake, wala hakuulizwa kama amepata kutia mguu katika chuo chochote; aliulizwa tiketi. Skuli za utabibu za zama zile zilikuwa, aghalabu, mali ya waganga wachache waliokodi ukumbi mjini, wakagawana masomo baina yao, kisha wakauza tiketi za darsa, na fedha iliyopatikana ikaingia moja kwa moja mikononi mwa wenye kufundisha. Mwanafunzi alisikiliza darsa kwa miezi minne au mitano, akarudi mwaka wa pili kusikiliza zile zile alizokwisha kuzisikia, na kando ya hayo akakaa na tabibu wa mjini kwao kama mwanagenzi, akimsaidia kazi na kumtazama mikono. Mwisho akatahiniwa kwa mdomo. Hata huko Harvard, chuo kikongwe kuliko dola yenyewe ya Marekani, mtahiniwa alizunguka kwa walimu tisa, kila mmoja akamwuliza kwa dakika chache, na aliyewaridhisha watano akatoka na shahada ya udaktari, ijapokuwa wanne waliosalia walikuwa wamemwona hajui kitu katika masomo yao.

Charles William Eliot, mwanakemia aliyeshika urais wa Harvard mwaka 1869, alipotaka mitihani ya utabibu iwe ya kuandika, alipingwa vikali na Henry Jacob Bigelow, bingwa wa upasuaji aliyeheshimiwa nchi nzima, kwa hoja ambayo leo inashangaza kuisoma: kwamba zaidi ya nusu ya wanafunzi wa skuli ile hawawezi kuandika sawasawa, basi mtihani wa kuandika watauwezaje? Eliot hakurudi nyuma. Mwaka 1871 masomo yalipangwa upya kwa miaka mitatu yenye kupanda daraja kwa daraja, walimu wakaanza kulipwa mshahara na chuo badala ya kugawana ada, na idadi ya wanafunzi ikaanguka kama ilivyotazamiwa. Naitaja habari hii kwa kuwa ndani yake mna mzizi wa jambo lote. Maadamu mwalimu anakula kwa ada ya mwanafunzi, hana ubavu wa kumkataa. Na alama, kabla haijawa kipimo cha akili ya mtu, ilikuwa kwanza ni ruhusa ya kumfungia mlango mwenye fedha asiyefaa.

Ruhusa hiyo ilinunuliwa kwa ukamilifu katika mji wa Baltimore, na aliyeinunua alikuwa mwanamke. Johns Hopkins, tajiri wa mji ule, alifariki mwaka 1873 akaacha wasia wa dola milioni 7, nusu zijengewe chuo kikuu na nusu zijengewe hospitali. Chuo kikafunguliwa mwaka 1876, hospitali ikafunguliwa mwaka 1889, lakini skuli ya utabibu, iliyokusudiwa kuviunganisha viwili hivyo, ikakwama, kwa sababu wakfu wa chuo ulikuwa umefungwa katika hisa za reli ya Baltimore na Ohio, na hisa hizo zilikuwa zimeacha kuleta faida. Hapo ndipo walipotokea mabinti wanne wa wadhamini wenyewe, Mary Elizabeth Garrett, M. Carey Thomas, Elizabeth King na Mamie Gwinn, wakaunda kamati za wanawake katika miji mbalimbali na kukusanya kiasi cha dola 100,000, wakaziweka mbele ya wadhamini kwa sharti moja: wanawake wapokewe katika skuli hiyo kwa masharti yale yale ya wanaume. Wadhamini walikubali mwaka 1890, illa wakasema kwamba mlango hautafunguliwa mpaka zitimie dola 500,000, na yamkini walidhani kwamba fedha hizo hazitapatikana upesi.

Zilipatikana. Mnamo Desemba 1892 Bibi Garrett, ambaye baba yake alikuwa rais wa reli hiyo hiyo, alitoa kutoka katika urithi wake zaidi ya dola 306,000 kujaza pengo, na safari hii akaongeza sharti la pili: kila atakayeingia, mwanamume au mwanamke, awe kwanza amehitimu shahada ya chuo, awe amesoma bayolojia, kemia na fizikia, na awe anaweza kusoma Kifaransa na Kijerumani, ndimi ambazo elimu ya utabibu ya wakati ule iliandikwa kwazo. Masharti hayo hakuyatunga kichwani. William Welch, mwalimu wa patholojia, ndiye aliyekuwa ameyaandika zamani kidogo kama mpango wa kutamanika, na alipoyaona yamegeuzwa kuwa ahadi isiyoweza kutenguliwa aliingiwa na khofu kwamba hatatokea mwanafunzi hata mmoja. Rafiki yake William Osler, tabibu mashuhuri kuliko wote wa kizazi chake, alimfariji kwa kusema kuwa wamebahatika wao wawili kuingia pale kama walimu, kwani kama wanafunzi wasingepokewa kamwe. Skuli ilifunguliwa mwaka 1893 kwa wanafunzi 18, watatu kati yao wakiwa wanawake.

Wengi wanaoisimulia habari hii hulishika sharti la elimu na kuliacha lile la wanawake, au hulishika la wanawake na kuliacha la elimu, na mimi naona kwamba kuyatenga ni kuiharibu maana yake. Bibi Garrett aliyaandika mawili katika waraka mmoja. Alitaka mlango uwe mwembamba, na alitaka wembamba wake uwe sawa kwa kila anayeukaribia. Yaliyotokea baadaye katika Marekani, kwa muda wa miaka thamanini na zaidi, ni kwamba sharti la kwanza liliigwa kila mahali kwa bidii, ilhali lile la usawa liliachwa njiani.

Aliyelieneza sharti la elimu hakuwa tabibu. Abraham Flexner alikuwa mwalimu wa skuli kutoka Louisville, Kentucky, aliyesoma katika chuo cha Hopkins kwa miaka miwili tu na kuhitimu mwaka 1886, na Wakfu wa Carnegie ulipomwita kwenda kuzikagua skuli za utabibu za Marekani na Kanada alidhani wamemkosea kwa ndugu yake Simon, aliyekuwa tabibu kweli. Akawaambia kwamba yeye hajapata kuingia skuli ya utabibu hata moja. Akajibiwa kuwa ndivyo wanavyotaka. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 1908 alisafiri kwa gari moshi toka mji hata mji, akazipitia skuli 155. Alikuwa na mambo machache ya kuuliza: wanafunzi waliingia kwa sharti gani, walimu ni wangapi, fedha zinatoka wapi na zinakwenda wapi, maabara zina nini ndani, na hospitali ipo karibu au ni jina tu. Kwa lile la kwanza hakuridhika na maneno ya vitabu vya matangazo. Aliomba kuoneshwa majalada yenye vyeti vya wanafunzi wenyewe, na mara nyingi alikuta kwamba sharti lililochapwa kwa herufi kubwa halikupata kumzuia mtu yeyote. Neno lililomkera kuliko yote lilikuwa lile la "au elimu inayolingana nayo", lililofuata kila sharti la cheti, na ambalo kwalo kijana asiyemaliza skuli ya sekondari alihesabiwa kuwa amemaliza maadamu ada mkononi anayo.

Yeye mwenyewe alisimulia uzeeni kisa cha skuli moja katika jimbo la Iowa, ambako mkuu alimzungusha katika jengo lenye milango iliyoandikwa majina ya masomo, anatomia hapa na fiziolojia pale, lakini milango yote imefungwa kwa kitasa na bawabu hapatikani. Flexner akashukuru, akaagana na mwenyeji wake. Kisha akarudi peke yake, akamwona bawabu na kumpa dola tano, na vyumba vyote vikafunguliwa. Ndani ya kila kimoja mlikuwa na meza, ubao na viti, basi.

Ripoti yake ilitoka mwaka 1910. Haikuwa yenyewe iliyoanza kuzifunga skuli hizo, kwani Chama cha Madaktari cha Marekani kilikuwa kimekwisha kuunda baraza la elimu mwaka 1904 na dhaifu zilikuwa zimeanza kufa, lakini iliharakisha maziko. Mwaka 1914 chama hicho kikataka mwaka mmoja wa masomo ya chuo kabla ya utabibu, mwaka 1918 kikataka miwili, na skuli zilizokuwa 160 mwaka 1904 zikabaki 85 kufikia mwaka 1920. Wagonjwa wangapi walisalimika kwa ajili ya jambo hilo hakuna awezaye kuhesabu, nami sitaki mtu anielewe kwamba nazililia skuli zilizokuwa na ubao na viti peke yake. Lakini katika zile zilizofungwa mlikuwa na skuli za watu weusi, zilizokuwa saba mwaka Flexner alipoandika, naye akapendekeza zibaki mbili, ya Howard katika mji wa Washington na ya Meharry katika Nashville. Hizo tano nyingine zote zilikuwa zimekufa kufikia mwaka 1923. Angeweza kupendekeza kwamba zisaidiwe mpaka zifikie kipimo, kama alivyopendekeza mamilioni kwa skuli za weupe. Badala yake aliandika kwamba tabibu mweusi na atumikie watu wake, na kwamba elimu ya usafi kwa weusi ina faida ya kuwakinga weupe na maradhi. Mwaka 2020 Jumuiya ya Vyuo vya Utabibu ya Marekani ililiondoa jina lake katika tuzo iliyokuwa ikiitwa kwalo, na kwa maneno hayo nadhani ilifanya haki.

Skuli zilipopungua, alama ikapata kazi mpya. Shahada ilipokuwa adimu, kuwa nayo kulitosha. Ilipokuwa ya wengi, na nafasi zikawa chache, ikabidi iulizwe ni shahada ya alama gani. Katika miaka ya 1920 skuli nyingine zilikuwa zikipoteza mwanafunzi mmoja katika kila ishirini na nyingine nusu nzima ya walioingia, na kwa sababu hiyo F. A. Moss wa Chuo Kikuu cha George Washington akatunga mtihani wa kupima wepesi wa waombaji, uliotumiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1928, na ambao mrithi wake, unaojulikana tangu mwaka 1948 kwa herufi MCAT, unawakosesha vijana usingizi hadi leo. Kufikia mwaka 1946 walioacha masomo nchi nzima walikuwa asilimia 7 tu.

Wakati huo huo, hata hivyo, skuli zenye majina makubwa zilikuwa zimegundua kwamba alama, ikiachwa itawale peke yake, italeta watu wasiotakiwa. Watoto wa wahamiaji wa Kiyahudi walikuwa wakipata alama za juu katika vyuo vya New York na kuomba utabibu kwa maelfu. Basi karatasi za maombi zikaanza kuuliza dini, na jina la ukoo wa mama, na mahali alikozaliwa baba, na kutaka picha, na nafasi zao zikapunguzwa mwaka hata mwaka bila ya kanuni yoyote iliyoandikwa. Wengi wao walivuka bahari kwenda kusomea utabibu Edinburgh na Glasgow. Wenye kamati walisema kwamba wanatazama tabia na malezi ya mwombaji na si alama tupu, na kila ninaposikia maneno hayo yakisemwa leo, hata na watu wema wenye nia njema, nakumbuka kwamba yaliwahi kutumika kufanya kazi ile.

Hesabu yenyewe ya alama imekuwa ya namna hii. Kila somo la chuo hupewa pointi, 4 kwa alama ya juu kabisa na kushuka hadi sifuri, kisha hutafutwa wastani. Masomo ya bayolojia, kemia, fizikia na hisabati hutolewa wastani wake mbali. Na somo lililoangukwa, hata likirudiwa na kufaulu, alama zote mbili huhesabiwa, kwa hiyo kosa la kijana wa miaka kumi na minane humfuata. Msomaji wa Afrika ya Mashariki atalifahamu jambo hili kwa kulilinganisha na la kwake. Huku, kijana aliyemaliza kidato cha sita na mchepuo wa fizikia, kemia na bayolojia huingia udaktari moja kwa moja, kama ilivyo katika chuo cha Muhimbili, Dar es Salaam, na matokeo ya mtihani mmoja wa taifa ndiyo aghalabu huamua. Kule, anapimwa kwa miaka minne mfululizo, darasa kwa darasa. Walioomba mwaka 2023 walikuwa zaidi ya 52,000, na walioingia takriban 23,000. Wastani wa waombaji wote ulikuwa 3.64, na wa walioingia 3.77.

Tofauti hiyo ya nukta chache inastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa inasema mambo mawili. Kwanza, mwenye alama duni aghalabu haombi kabisa. Amekwisha kukata tamaa katika darasa la kemia ya kaboni, mwaka wa pili wa chuo, na hakuna daftari linaloandika jina lake miongoni mwa waliokataliwa. Pili, miongoni mwa wanaoomba alama pekee haitoshi kumtofautisha mtu na mwenziwe, kwani hata katika wale wenye wastani wa juu kabisa na matokeo ya juu kabisa ya mtihani, zaidi ya mmoja katika kila kumi hukosa nafasi. Kesi mashuhuri ya Allan Bakke ilizuka katika upenyo huo huo. Alikuwa mhandisi, amekwisha kupita umri wa miaka thelathini, aliyeomba skuli ya utabibu ya Davis katika California mwaka 1973 na 1974 akakataliwa mara zote mbili. Wastani wake ulikuwa 3.46, na wa waliopokewa kwa njia ya kawaida mwaka 1973 ulikuwa 3.49, ilhali waliopokewa katika nafasi 16 kati ya 100 zilizotengewa makundi ya wachache walikuwa na 2.88. Mahakama Kuu ya Marekani iliamuru tarehe 28 Juni 1978 apokewe, ikakataza nafasi za kutengwa kwa idadi, lakini ikaruhusu rangi ya mtu iwe jambo mojawapo la kutazamwa, na ruhusa hiyo ikadumu mpaka mahakama hiyo hiyo ilipoiondoa mnamo Juni 2023.

Jaribio lililofunua zaidi kuliko kesi yoyote halikukusudiwa na mtu. Mwaka 1979 skuli ya utabibu ya Chuo Kikuu cha Texas katika mji wa Houston ilikuwa imekwisha kufunga uteuzi wake: waombaji 800 walikuwa wamehojiwa na kupangwa kwa nambari toka bora hata dhaifu, na 150 wamepokewa, wote kutoka katika 350 wa juu. Ndipo baraza la kutunga sheria la jimbo lilipoamua kwamba darasa liwe la watu 200. Wa juu walikuwa wamekwisha kuchukuliwa na skuli nyingine; ikabidi wale 50 watafutwe chini kabisa, baina ya nambari 700 na 800, watu ambao wengi wao walikuwa hawakutakiwa na skuli yoyote. Walifuatiliwa mpaka wakahitimu, na baada ya hapo mpaka mwisho wa mwaka wao wa kwanza wa kazi wodini, na habari zao zikachapishwa mwaka 1987: walioacha masomo, waliopata heshima, na waliosifiwa na wakuu wao hospitalini, katika lolote kati ya hayo hamkuonekana tofauti baina yao na wenzao 150. Wote 800, kumbukeni, walikuwa wamekwisha kupita chekeche ya alama kabla ya kuitwa kuhojiwa. Alama ilikuwa imefanya kazi yake kwa uaminifu, nayo ni kusema nani ataubeba mzigo wa masomo. Yaliyobaki, ambayo kamati ilidhani inayaona usoni mwa kijana kwa mazungumzo mafupi, haikuyaona. Hata kazi ya alama yenyewe ina mpaka wake: skuli ya Mount Sinai mjini New York, iliyoanza mwaka 1987 kuchukua wanafunzi wa fasihi na historia bila ya kuwadai kemia ya kaboni wala MCAT, ilitangaza mwaka 2010 kwamba walipungukiwa kidogo katika mtihani wa kwanza wa leseni, lakini wodini walilingana na wenziwao.

Nirudi Baltimore, ambako jambo lilianzia. Skuli iliyofunguliwa kwa fedha ya Bibi Garrett ilitimiza ahadi yake kwa wanawake tangu siku ya kwanza, na kwa elimu ilishika kipimo chake bila ya kulegea. Katika miaka sabini iliyofuata palikuwa na vijana weusi wenye shahada, wenye bayolojia na kemia na fizikia, wenye Kifaransa na Kijerumani pia, kwani Howard na vyuo vingine viliwatoa kila mwaka. Na hakuna hata mmoja aliyehitimu pale. Wa kwanza waliingia mwaka 1963 na kuhitimu mwaka 1967, nao walikuwa wawili: Robert Gamble, Mmarekani, na James Nabwangu, kijana aliyetoka Kenya.